Sukari ya Madaftari

Haya, sogeeni, na wewe wa pale nyuma acha kutafuna, maana hadithi yenyewe ni ya kutafuna. Mimi siingii hadithini peke yangu. Nitauliza "Kitamu?" nanyi mtaitikia "Cha nani?" Tujaribu. Kitamu? Loo, sauti gani hiyo, kama mmekosa chakula tangu juzi! Tena. Kitamu? Hapo sawa.

Basi, huko milimani Rungwe, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, palikuwa na ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, kila mtu na kipawa chake.

Wa kwanza, Ambwene, alikuwa mnunuzi wa karatasi chakavu, akiwauzia akina mama wa maandazi za kufungia. Alikuwa na vidole huyo, jamani! Mfunge macho, mpe karatasi aisugue mara moja, atakwambia hii ni ya gazeti, hii ya daftari, na hii inayong'aa imepakwa udongo, itupe.

Wa pili, Sekela, alikuwa mpishi wa togwa. Kipimajoto alikiona kwa wenzake tu. Yeye alichovya kiwiko chunguni, akasema "bado" au "tayari," na togwa yake ya kimea cha ulezi ikawashinda wenye kutia sukari.

Wa tatu, Gwakisa, kitindamimba, alisomea viumbe vidogo chuoni, naye alijua kufuga kuvu. Msicheke! Wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga ile kuvu ya kijani inayokula kuni zilizolowa. Aliilisha pumba mbichi kwenye chungu na kuifunika kwa upole, utadhani mtoto mchanga.

Sasa mama yao, Bi Tupokigwe. Mumewe, Mwalimu Anyosisye, alipofariki, yule mama aliacha kula. Si kwamba alisusa. Uji ulikuwa mchungu kinywani mwake, ndizi chungu, na sukari ya dukani ndiyo ilizidi. Alitema kila kitu. Hospitali wakapima na kupima, wasione ugonjwa. Akakonda mpaka pete ikawa inamdondoka kidoleni, na wanawe wakaanza kuogopa kuingia asubuhi kumwamsha.

Siku moja akawaambia, "Wanangu, msihangaike. Baba yenu ameondoka na utamu wote. Ameufungia kwenye makaratasi yake."

Ni kweli makaratasi yalikuwapo. Mwalimu hakuwahi kutupa karatasi iliyoandikwa na mtoto. Chumba chake kilijaa madaftari na mitihani ya wanafunzi wa miaka yote aliyofundisha, sakafu hadi dari, panya wenyewe wakipita kwa ubavu.

Ambwene alisema mama anaweweseka. Lakini Gwakisa akasema, "Kaka, amesema kweli kuliko anavyojua. Karatasi ni mti, na uzi wa mti ni sukari zilizoshikana mikono. Zimeshikana kwa nguvu, ndiyo maana ulimi hauzipati. Kuvu yangu inatoa vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuzikata hizo sukari zikaachiana."

"Kama kimea kinavyofanya kwenye togwa," Sekela akadakia.

"Hasa, dada."

Basi wakaanza. Ambwene alikaa kwenye chumba cha baba yake, akapapasa kila daftari. Majalada yanayong'aa akayatupa, kurasa akazichana vipande, akazichemsha kwa maji ya majivu mpaka zikawa ujiuji, akazisuuza na kuzisuuza. Wino ukaondoka na maji ya kusuuzia. Aliponyanyua macho alikuwa analia, maana alikuta na daftari lake mwenyewe la darasa la pili.

Gwakisa aliikamua kuvu yake kwa kitambaa, akapata maji ya rangi ya chai iliyochuja. Akakamulia ndimu kwenye ujiuji ili uchachuke kidogo, maana vimeng'enya vinapenda hivyo, akayatia yale maji yake taratibu. Alijua hakuna kuvu nyingine kama ile, na kuianzisha upya ni kazi ya msimu mzima.

Sekela alikalia chungu. Ukizidisha moto, vimeng'enya vinakufa. Ukiuacha upungue, vinalala. Alichovya kiwiko usiku na mchana, akichochea kuni na kuziondoa, mpaka ngozi ya kiwiko ikambabuka. Hatimaye ujiuji ukawa maji. Akauchuja, akauchemsha ukawa mzito kama asali changa, akaramba mwiko. Ulikuwa mtamu, wallahi!

Hapo ndipo alipokosea. Katika nyumba ile ilikuwa desturi, kinywaji kipya hakionjwi na mgonjwa wala mgeni kabla marehemu wa nyumba hajamwagiwa kata ya kwanza kaburini. Bibi yake alifanya hivyo kwa togwa, mama yake pia. Sekela akachukua kata, akaenda migombani kwenye kaburi la baba yake, akamimina. Hakufikiri. Ulezi ni wa ardhi, ukimpa marehemu umempa zawadi. Lakini ile haikuwa zawadi. Yalikuwa maneno ya Mwalimu mwenyewe, aliyowaandikisha wanafunzi madaftarini, na mtu akiitwa kwa maneno yake, huja.

Mama akapewa kikombe. Akanywa, hakutema! Akaomba kingine. Kesho yake akaketi, keshokutwa akasimama. Nyumba nzima ilipiga vigelegele, Ambwene akacheza mpaka kiatu kikamtoka.

Sekela ndiye aliyeona kwanza. "Mbona mama anashika kikombe kwa mkono wa kushoto?"

Mwenye kutumia kushoto alikuwa baba.

Kila kikombe kikazidisha hali hiyo. Mama akawa analowesha kidole gumba kwa ulimi na kupekua shuka, kama Mwalimu alivyopekua kurasa za madaftari. Akawa anakohoa kikohozi cha Mwalimu. Na asubuhi moja, ukungu umetanda hadi kizingitini, akasimama mlangoni akaanza kuita mahudhurio.

"Mwakalinga!"

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe akajibu, "Nipo, Mwalimu!" Kisha akabaki ameduwaa, mkono umeziba mdomo.

"Ipyana!"

Hapo majirani waliokuwa uani walikimbilia ndani. Ipyana alichukuliwa na mto akiwa darasa la nne, kila mtu anajua, na maiti yake haikuonekana. Pakawa kimya. Kisha huko ndani ya migomba, sauti nyembamba ya mtoto ikasema, "Nipo."

Kitamu? Haya, nimesikia. Lakini huyo aliyeitikia kutoka nje ni nani? Funga mlango, mwanangu. Funga tu, usichungulie.

Basi madaftari yakaisha, na kuvu ikaisha pamoja nayo. Ukabaki utamu wa kikombe kimoja. Mama akikosa kunywa, chakula kilikuwa bado kinamrudi. Angekufa njaa, hilo wote walilijua. Na akinywa?

"Atakaye ampe, asiyetaka asimpe, mimi nampa," Ambwene akasema. "Mama hawezi kufa utamu upo mkononi mwetu."

"Akinywa atakayebaki ni baba peke yake," Gwakisa akajibu. "Mama atakuwa wapi, kaka? Niambie! Mimi naumwaga."

Sekela alikishika kikombe. Alikuwa amesikia kile alichokimwaga kaburini kikipanda ngazi za barazani.

Mama akanyoosha mkono wa kushoto, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya Mwalimu. "Darasa, tulieni. Aliyenirudisha ndiye akishike kikombe. Atakaloamua, wengine wafuate." Halafu mkono wa kulia, mkavu kama ukuni, ukamshika Sekela upindo wa kanga, na sauti nyingine, ndogo, ya Bi Tupokigwe, ikasema, "Wanangu, nina njaa."

Haya sasa. Bila vidole vya Ambwene, karatasi zingebaki zinaliwa na panya. Bila kuvu ya Gwakisa, ujiuji ungebaki ujiuji hadi leo. Bila kiwiko cha Sekela, moto ungeviua vimeng'enya siku ya kwanza. Tena kuna watakaosema kata ya kaburini ndiyo iliyomleta Mwalimu, na wengine watasema aliyeimwaga hakumrudisha mtu, amemfukuza mama. Na nani aliyerudishwa, Mwalimu au mkewe? Nimeipeleka hadithi hii kwenye vijiji vingi, na kila mahali watu wamegombana hadi wakavunja viti.

Je, wewe ungeamua vipi? Nani apewe kikombe, na akishapewa, amnyweshe mama au aumwage utamu? Semeni upesi, mama wa watu ananyoosha mkono, na sijui ni upi.

Kitamu?