Kwa Nini Watoto Huimba Herufi

Sogeeni karibu, na mwenye kelele azitunze kidogo, maana habari hii inahusu kelele na zamu yake itafika. Hapo kale, watoto walijifunza kusoma wakiwa na maji mdomoni.

Si utani. Katika kijiji cha Kwezinga, kwenye mteremko wa milima, watoto waliofikisha miaka mitano walijipanga kila asubuhi mlangoni kwa mwalimu. Kila mmoja alipewa kata ya maji, akapiga funda moja, akafumba mdomo. Funda hilo halikumezwa wala kutemwa mpaka somo liishe. Mwalimu alitandaza majivu kwenye ungo, akachora herufi kwa kidole, nao watoto wakaitazama na kuichora kwenye nyungo zao. Kimya kilikuwa kikubwa hata nzi akitua ulimsikia.

Sababu waliijua wote. Herufi ikitamkwa kabla jicho halijaishika, huruka ikaenda zake. Nani alilisema hilo kwanza, hakuna aliyekumbuka. Wapo waliodai kwamba mwalimu wa mwanzo kabisa alikuwa na mke anayeumwa kichwa chumba cha pili, akawanyamazisha watoto kwa hila ya maji, na watu wakadhani hiyo ndiyo elimu yenyewe. Mimi sikuwepo, lakini watu nawajua, na sioni ajabu.

Basi watoto wa Kwezinga walichora herufi nzuri mno. Walizichora kwenye majivu, kwenye vumbi la njia, kwenye migongo ya wenzao. Lakini ukimwonyesha mtoto kile alichokichora mwenyewe ukamwuliza kinasemaje, alikutumbulia macho tu. Mara moja katika miaka mingi alitokea mmoja akasoma, na hata huyo hakuweza kukueleza amefikaje.

Mwalimu wa wakati huo alikuwa Bi Somoe, mjane mwembamba, mpole wa maneno na mwepesi wa kununa. Mbali ya kufundisha alikuwa na kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Kijiji kilikuwa na daftari nene, limefungwa kwa kitambaa cheusi cha kaniki, lenye majina ya watu wote waliowahi kuishi na kufa pale. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, watu walikusanyika uwanjani mchana kutwa na daftari likasomwa mwanzo hadi mwisho. Jina lililosomwa lilikuwa bado lina kwao. Jina lililorukwa, watu wa Kwezinga waliamini, mwenyewe huwa kama hakuzaliwa.

Msomaji alikuwa Bi Somoe peke yake. Mwenzake wa mwisho alikwisha kufa, naye yumo daftarini. Karibu na mwisho wa majina hayo walikuwemo wawili aliowazaa mwenyewe, Kidawa na Mashaka, waliochukuliwa na surua wiki moja. Bi Somoe aliwaandika kwa mkono wake, na kila mwaka aliwasoma kwa sauti ileile aliyowasomea wengine, kisha akafungua ukurasa unaofuata.

Mwaka ninaousimulia, macho yake yalianza kuingia ukungu. Kwanza alidhani ni moshi wa jikoni, akahamisha mafiga. Kisha akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Alipofungua daftari kujaribu, mistari ilikuwa imelala kama vivuli, akaisoma kwa kubahatisha kwa sababu aliijua kwa moyo, na hata moyo ulianza kuchanganya. Aliogopa. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa mpaka chakula kikamshinda. Kama hakuna mtoto atakayesoma kabla ya mavuno, Kidawa wake na Mashaka wake watanyamaziwa pamoja na kijiji kizima.

Akakaza somo. Funda la maji likawa kubwa zaidi, somo likawa refu zaidi, na watoto wakachora mpaka vidole vikatoka malengelenge. Hakusoma hata mmoja.

Katika darasa hilo alikuwemo Tunu, binti wa mfua chuma, mtoto wa miaka mitano mwenye mdomo usiojua likizo. Maji hayakukaa kinywani mwake. Akiona mjusi ukutani alicheka, na maji yakamwagika kwenye majivu, herufi zote zikawa tope. Mara ya kwanza alisamehewa. Mara ya pili alisimamishwa kona. Mara ya tatu maji yalimrukia Mzee Semkiwa, mkuu wa baraza la wazee, aliyekuwa amekuja kukagua darasa akiwa na kanzu mpya.

"Huyu hafundishiki," Mzee Semkiwa alisema, akijipangusa. "Mpe mchi akatwange. Atapata kazi ya kufaa."

Tunu akatolewa darasani. Mama yake, kwa aibu, akamleta awe anatwanga mahindi ya mwalimu nyuma ya jiko, kama fidia ya usumbufu. Akapewa kinu kidogo na mchi wa kimo chake. Na kwa kuwa huko hakukuwa na maji ya kumziba, alitwanga huku anaimba, akitunga mwenyewe, mchi ukishuka na neno linashuka:

*Mbuzi kala kamba,*
*kakimbilia shamba,*
*kamwamkia mamba,*
*mamba anajigamba.*

Siku ya kwanza Bi Somoe alikereka. Siku ya pili alijikuta anautikisa mguu kwa kuufuata mchi. Siku ya tatu alitoka nje na ungo wake wa majivu, akakaa kwenye kigoda karibu na kinu, kwa sababu ndani hakuona vizuri na kwenye jua aliona afadhali. Alikuwa anajaribu kuchora neno *kamba*, apime kama kidole chake bado kinajua njia.

Tunu akaacha kutwanga, akachungulia. "Bibi, hiyo ni nini?"

Kwa desturi Bi Somoe hakupaswa kujibu. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto mwenyewe alikwisha kufukuzwa, kwa hiyo hakuna herufi ya kumpotea. "Ni kamba," akasema. "Ile ya mbuzi wako."

"Na shamba?"

Bi Somoe akachora *shamba*. Tunu akainama mpaka pua ikakaribia majivu. Akatazama neno la kwanza, akatazama la pili. Akapiga makofi mawili, polepole, midomo ikicheza: ka-mba, sha-mba. Kisha akaweka kidole mwishoni mwa neno la kwanza, akakiweka mwishoni mwa la pili.

"Yana mkia mmoja," akasema. "Bibi, tazama. Yanaimba sawa kwa sababu yana mkia mmoja! Na mamba naye anao?"

Bi Somoe akachora *mamba*. Mkia ulikuwepo. Tunu akaruka juu akaangua kicheko, na kuku wakatawanyika uani. Halafu, bila kuombwa, akafuta kichwa cha neno, akaacha mkia, akaweka mbele yake herufi inayoanza jina lake mwenyewe, jina pekee la maandishi alilolijua. Akaitazama. Akapiga makofi. "Ta-mba. Tamba! Bibi, nimeandika tamba!"

Hapo Bi Somoe alijikumbuka. Kuna jambo alilolificha tangu utotoni, na aliliona kama wizi. Alipokuwa darasani, miaka hamsini nyuma, hakuwahi kukaa na maji mdomoni. Alikuwa anameza funda mara tu mwalimu akigeuka, kisha anajificha nyuma ya wenzake wenye miili, ananong'ona kila herufi chini kwa chini na kuipangia wimbo. Maisha yake yote aliamini kwamba alijifunza kusoma ingawa aliiba. Sasa, akimtazama mtoto huyu aliyejaa chenga za mahindi kichwani, alielewa kwamba alijifunza kwa sababu aliiba. Na watoto wote aliowaziba midomo miaka thelathini, akiwafikiria mmoja mmoja, walimtia uchungu asiojua auweke wapi. Akalia kidogo. Tunu akamfuta kwa kiganja chenye unga, akazidi kumchafua.

Kesho yake watoto walipofika mlangoni, hawakuikuta kata. "Leo temeni hata mate," Bi Somoe aliwaambia, "kisha mje nyuma ya jiko." Wakasimama kwa woga, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Tunu akawaimbia ya mbuzi. Akawaimbia na nyingine:

*Bata kavaa kofia,*
*kuku akamsifia,*
*jogoo akalia.*

Waliitafuta mikia kwenye majivu kama wanaotafuta mayai ya kanga majanini, na aliyeupata alipiga kelele. Neno fupi walilipiga makofi mawili, refu likapata manne. Siku ya kumi, mtoto mzito wa kusema kuliko wote, aliyekuwa hajatamka kitu hata baada ya kata kuondolewa, alisoma *kofia* na akazunguka nyumba mara tatu akilitangaza.

Kelele hazifichiki. Mzee Semkiwa alifika akiwa amekunja uso, akasimama kwenye kona ya jiko.

"Bi Somoe, ni ngoma hii au ni darasa?"

"Ni darasa, Mzee wangu. Karibu ukae."

"Sikai. Waliotutangulia walinyamaza, nasi tukanyamaza. Wewe unazirusha herufi kama kunguru."

Bi Somoe angeweza kubishana, ila aliona heri aseme ukweli wote kwa mara moja. Akamwambia habari ya macho yake. Akamwambia na habari ya funda alilokuwa akilimeza. Mzee Semkiwa akakaa hata hivyo, maana alimpenda huyu mama kwa heshima, na baba yake mwenyewe alikuwa daftarini.

"Siku ya majina watasoma hao," akasema mwishowe. "Lakini jina la marehemu likitamkwa ovyo, hilo ni tusi kwa ukoo wake. Likiharibika hata moja, darasa linafungwa na watoto wanarudi shambani kufukuza ndege. Na wewe hutafundisha tena hapa Kwezinga."

Zilibaki wiki tatu. Waliimba mpaka koo zikakauka.

Siku ya majina uwanja ulijaa. Kina mama walikaa mbele kwenye mikeka, kama kawaida, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakilia. Bi Somoe alifungua kaniki, akainua daftari, akasoma majina matatu ya kwanza. La nne hakuliona. Aliligeuza daftari kwenye mwanga, akalileta karibu, akalipeleka mbali. Watu wakaanza kuguna.

"Tunu," akaita. "Njoo mwanangu."

Tunu akaja na wenzake wote nyuma yake. Daftari likawekwa juu ya kigoda, naye akapiga magoti. Akaweka kidole chini ya jina, akavuta pumzi, akapiga makofi. "Se-li-ma-ni." Watoto nyuma wakapiga makofi naye. Jina likafuata jina. Alipokwama, wenzake waliuimba mkia kwanza, kisha wakarudi kichwani, jina likatoka zima. Lilipofika la babake Mzee Semkiwa, refu na gumu, makofi yalirudiwa mara tatu na uwanja mzima ukabana pumzi. Likatoka. Mzee Semkiwa akavua kofia, akaiweka magotini, hakuivaa tena siku ile.

Bi Somoe alikuwa bado amesimama pembeni, mikono ikiwa imezoea kushika daftari na sasa haina kitu. Mwanamke mmoja akamsogezea nafasi kwenye mkeka. Akakaa.

Majina yakaendelea mpaka jua likapinda. Kisha Tunu akapiga makofi matatu. "Ki-da-wa." Na mengine matatu. "Ma-sha-ka."

Miaka yote ile Bi Somoe alikuwa hajawahi kuwasikia. Aliwasoma tu. Msomaji halii, kwa sababu jina linalofuata linamsubiri. Sasa sauti ya mtoto mwingine ilikuwa inawaita wanawe mbele ya watu, naye hakuwa na ukurasa wa kufungua. Akainama kwenye bega la jirani yake akawalilia wanawe kwa sauti, kama mama wengine walivyolia kila mwaka, na kina mama wakamshika. Tunu aliona, akasita, akawasoma tena mara ya pili bila kuambiwa na mtu.

Na tangu siku hiyo, mtoto anayeanza kusoma hafundishwi kimya. Huimba ba, be, bi, bo, bu, hulipiga neno makofi, huutafuta mkia wake kwenye wimbo wa mbuzi au wa bata au wa chochote kilichopita njiani asubuhi hiyo. Hata nyinyi mlifundishwa hivyo, ingawa mmesahau. Ukipita nje ya chumba chao ukasikia kelele zinatikisa bati, usiingie kuwanyamazisha. Simama kidogo. Huenda wamefika kwenye jina la mtu wako.