Tangi la Mafuta na Jina la Binti wa Tumpe

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana mafuta ya taa yalishafika hadi kwetu milimani, Tumpe alijifungua binti kabla ya miezi kutimia. Kitoto chenyewe, jamani, kilienea kwenye viganja viwili! Nesi akamwambia, "Mama, dawa ya huyu ni joto. Akipigwa na baridi, hatuna mtoto."

Basi wakafunga hita iliyovuta mafuta kutoka tangi la nje, na wanawake watatu wakahamia kwa Tumpe. Wifi yake Tusekile kila asubuhi alitumbukiza fimbo ya mwanzi tangini, akaangalia ilipolowa, akatangaza, "Mafuta yapo!" Mdogo wa Tumpe, Lugano, aliisafisha hita na kuiwasha. Mama mkwe, Bibi Subilaga, alikoroga uji na kugombeza kila mtu.

Siku moja Tusekile akiwa anapima, Tumpe akapiga ukelele: mtoto kapaliwa na maziwa! Tusekile akatupa fimbo, akakimbia, akamgeuza mtoto, akampigapiga mgongoni mpaka akalia. Nani angekumbuka kifuniko cha tangi? Mvua ikanyesha hadi alfajiri.

Asubuhi hita ikakohoa, ikazimika. Tusekile akapima. "Mafuta yapo! Tena yamezidi ya jana vidole vinne!"

"Yamezidi?" Lugano akashtuka. "Kwani nani kamimina?"

Hakuna aliyemimina. Lugano akainusa ncha ya fimbo. Harufu ya mafuta ilikuwa hafifu mno. Maji! Akachuchumaa kwenye ukungu, akafungua koki ya chini, akayamwaga maji yaliyotuama chini ya mafuta, akaunyonya mpira uendao kwenye hita kwa mdomo mpaka mafuta yakamjaa kinywani. Asubuhi nzima, vidole vimekufa ganzi.

Ndani, midomo ya mtoto ilianza kubadilika rangi. Tumpe alishikwa na homa, anatetemeka kwa baridi, hana joto la kumpa mtu. Bibi Subilaga akavua blauzi, akamlaza mtoto kifuani, akajizungushia mablanketi. Hakula, hakuinuka, mpaka hita ilipowaka.

Mtoto akapona, akaota mashavu. Sasa, kwetu njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi, hapewi jina mpaka avuke hatari. Akivuka, hupewa jina la aliyemvusha, moja tu, na huyo huwa somo wake maisha yote.

"Wifi," Tusekile akasema, "kifuniko nilikiacha mimi, sikatai. Lakini niliacha nikimkimbilia nani? Na bila kipimo changu, nani angejua mafuta yamezidi?"

"Dada, kujua yamezidi si kujua ni maji," Lugano akasema. "Mpaka leo chai nainywa ina ladha ya mafuta ya taa."

Bibi Subilaga akacheka. "Nyie mlihangaikia hita. Hita yenyewe nilikuwa mimi!"

Tumpe akawatazama wote watatu, machozi yanamtoka, maana aliwapenda wote na jina ni moja. Haya, nyie mliokaa kimya, msinitazame mimi. Je, binti wa Tumpe aitwe nani?