Mafiga Matatu ya Mwanakombo

“Unga haujatosha!” zimwi lilifoka.

“Umetosha, babu! Nirudishie mama yangu!” Mwanakombo alijibu.

“Una mdomo, wewe! Haya, namwachia. Ila kwangu watu husahau hata sura za watoto wao.”

Jamani, mama huyo alizuiliwa na zimwi kwa deni la nafaka aliloliacha marehemu mumewe. Ili kulilipa, Mwanakombo alikuwa amesaga, akasaga, akasaga. Jioni hiyo alihamisha vyombo, kwani nyumba yao ilikuwa ikibomoka. Kwa haraka akang’oa mafiga yote matatu, ilhali desturi yao ilikuwa kuacha moja kwenye nyumba ya zamani, ili aliye mbali alikute mahali pake, awakumbuke watu wake.

Akangoja katika nyumba mpya. Mamake akatokea mlangoni, akamtazama kama mgeni.

“Hodi, binti. Namtafuta mwanangu, Mwanakombo. Umemwona?”