Zamu ya Tanuri

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, zamani za juzi tu, redio ilipokuwa kubwa kama kabati na nchi zetu zikipepea bendera za watu wengine, kijana mmoja wa Ufipa alipelekwa ng'ambo kusomea vyuma. Jina lake Desideri Kapele. Hakwenda kujifunza kufua chuma, maana hilo babu zake walilijua bila kupanda meli. Alikwenda kusoma namna chuma kinavyochoka.

Msicheke. Chuma huchoka. Kitundike ndani ya joto kali, kifungie mzigo chini, hakitakatika leo wala kesho. Kitavutika kidogo kidogo, kidogo ambacho jicho halikioni, mwezi baada ya mwezi, halafu siku moja kitakatika. Mabomba ya mvuke hupasuka na kuunguza watu kwa sababu hiyo. Ndiyo maana wakubwa walitaka kujua kinavutikaje, hasa pale mwishoni, kinapokaribia kushindwa.

Tanuri la kazi hiyo lilikuwa moja tu katika chuo kizima. Liliwekwa chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha, na wanafunzi waliolihitaji walipanga foleni. Desideri alingoja zamu yake kwa muda mrefu. Ilipofika, akatundika kipande chake, chembamba kama penseli, akafunga mzigo, akawasha, akavuta kigoda, akakaa. Pembeni ya tanuri palikuwa na mshale kama wa saa. Chuma kikivutika, mshale unasogea. Chuma kinavutika, Desideri anangoja.

Na chuma kile kilikuwa kinadeka kuliko mtoto wa mwisho. Hakikutaka baridi, hakikutaka joto lizidi, na zaidi ya yote hakikutaka kutikiswa. Mtu akibamiza mlango ghorofani, mshale unatetemeka. Kwa hiyo Desideri alibandika karatasi mlangoni: TEMBEA TARATIBU. Yeye mwenyewe alivua viatu akabaki na soksi. Alifunga mlango kwa mikono miwili. Alijifunza kukohoa ndani ya koti.

Mtu anayeishi hivyo hapati wageni. Wenzake walifika mlangoni, wakaisoma karatasi, wakanyata, wakaenda zao. Mama mwenye nyumba alikopanga alimwekea chakula kimefunikwa sahani, naye Desideri akala peke yake, kimepoa. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la nyuma, na watu wakamwachia nafasi kulia na kushoto utadhani ana surua. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomuuma: hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemwita.

Basi akaanza kukisalimia chuma. Kila asubuhi anaingia, anavua viatu, anakiuliza kimeamkaje, tena kwa Kifipa. Alikuwa hajakisikia Kifipa tangu bandarini na aliogopa kitamtoka. Chuma hakikujibu, lakini angalau hakikukunja uso. Alijifariji kwamba hata wazee wa kwao, tanuri la kuyeyushia chuma likishawashwa, hawakurudi kulala kwa wake zao. Walikaa huko huko porini mpaka kazi iishe. Lakini wazee wale walikuwa kundi, na waliimba. Yeye alikuwa peke yake, na hata kukohoa alikohoa kwa kificho. Chuma kinavutika, Desideri anangoja.

Sasa wako watu wawili lazima muwajue. Wa kwanza ni Sivapalan, mwanafunzi kutoka kisiwa cha Seiloni, mwembamba, mcheshi, anayependa kupiga meza akiongea. Yeye ndiye aliyefuata kwenye foleni ya tanuri. Wa pili ni Morag, binti wa mchimba makaa ya mawe wa huko huko ng'ambo, msichana pekee katika idara nzima. Zamu yake ilikuwa baada ya Sivapalan. Baada ya Morag walifuata wengine, mpaka foleni ikapotea machoni.

Siku moja Sivapalan alimkuta Desideri kwenye ngazi anakula mkate mkavu, amesimama, amegeukia ukuta. Akapita. Kesho yake akarudi na swali.

"Ndugu yangu, ulizaliwa tarehe gani?"

Desideri akamtajia tarehe iliyoandikwa kwenye pasi yake ya kusafiria. Tarehe ile aliibuni karani wa misheni, maana nyumbani walikumbuka tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Lakini hayo angeanzia wapi kuyaeleza.

"Jumamosi hii," Sivapalan akasema. "Basi tunakufanyia sherehe."

"Siwezi kwenda mbali na tanuri. Mshale umeanza kukimbia. Mwisho umekaribia, na huo mwisho ndio niliokuja kuutafuta."

"Hutakwenda mbali. Tutachukua ukumbi mdogo wa hapa juu."

"Juu ya kichwa cha chuma changu?"

"Tutakunywa chai. Tutakata keki. Lini umesikia keki imetikisa nyumba?"

Morag alikuwa amesimama kando na vitabu vyake. Akasema, "Mimi nitakaa na tanuri. Mshale ukitetemeka, nitapanda kuwanyamazisha. Nenda, Desideri."

Desideri aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na hamu ya kukubali. Akasema atakuja, kwa kuwa ni karibu.

Jumamosi mchana wakakusanyika, wanafunzi wa huku na huku, kila mmoja na skafu yake ya sufu shingoni. Wakanywa chai. Wakakata keki. Wakamwimbia kwa tarehe ya karani, naye akasimama ameshika sahani, hajui pa kuweka macho. Mtu mmoja aliyemkwepa mwaka mzima akamuuliza kwao kuko vipi. Akajibu. Akaulizwa tena. Akajibu tena, na safari hii kwa maneno mengi. Santuri ikapigwa, wengine wakacheza polepole, wawili wawili, kwa adabu.

Ndipo Sivapalan akasema, "Kwenu mnachezaje?"

Desideri akakataa. Wakamwomba. Akakataa. Sivapalan akaanza kupiga meza kwa viganja, na kwa bahati tu, maana Ufipa hakuijua hata kwenye ramani, akaangukia mdundo unaofanana sana na ngoma ya mavuno. Mguu wa Desideri ukaanza wenyewe. Kisigino kikashuka kwenye mbao. Kikashuka tena. Akavua koti. Mnakijua kisigino cha Mfipa kwenye ngoma ya mavuno? Hakigusi ardhi, kinaigonga. Wenzake wakajipanga nyuma yake, wakamwiga vibaya, wakagongana, na Desideri akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, machozi yakamtoka, na mbao zote za ukumbi zikacheka naye. Kwa muda ule alisahau kabisa kwamba chini yake kuna chuma.

Alipokumbuka, alishuka ngazi mbili mbili.

Morag alikuwa amesimama mbele ya tanuri, mikono imeshika aproni. Mzigo ulikuwa umelala kwenye sanduku la mchanga. Mshale ulikuwa umesimama. Chuma kilikuwa kimekatika, na mwisho uliotikiswa hauna vipimo vya kuaminika.

Desideri alikaa kwenye kigoda chake, na huko juu watu bado walikuwa wanapiga makofi wakimwita arudi.

Jumatatu Profesa aliwaita wote watatu. Alikuwa mzee mkavu lakini wa haki, na maabara yake ilikuwa na sheria aliyoikuta kwa mwalimu wake: aliyeharibu kazi ya mwenzake humpa zamu yake ya tanuri na kurudi nyuma ya foleni. Aliyeharibu kazi yake mwenyewe, ni yeye anayerudi nyuma. Na Desideri, nyuma ya foleni hapakumfaa. Udhamini wake ulikuwa unakwisha. Zamu ya Sivapalan ingemtosha, hata ya Morag ingemtosha kwa shida. Zaidi ya hapo ni meli, ni nyumbani, ni mikono mitupu. Na huko Sumbawanga walikwishaanza kumwita baba yake Baba Daktari.

"Nataka kujua kosa ni la nani," Profesa akasema. "Kila mtu aseme lake."

Sivapalan akasema kwanza.

"Profesa, mimi nimeandaa chai na keki. Ukumbi ule niliuchukua kwa sababu mwenyewe hakutaka kwenda mbali. Sikumvuta mkono acheze. Na chuma kilikuwa kimefika mwisho. Nani ataapa kwamba kisingekatika saa ile ile hata kama sote tungekuwa tumelala? Kwetu kazi inanisubiri, na wamekwishaniambia hawatasubiri tena. Nikitoa zamu, naipoteza. Nilimwona mtu anakula amegeukia ukuta, nikashindwa kuvumilia. Kama hilo ni kosa, basi siku nyingine nitapita nikiangalia pembeni kama wengine."

Alisema hayo kwa hasira.

Morag akasema wa pili.

"Mimi niliuona mshale. Ulitetemeka mara ya kwanza, nikasimama. Nikafika mlangoni, nikashika kitasa. Halafu nikasikia mtu anacheka huko juu, nikajiuliza ni nani, maana sauti ile siijui. Nikatambua kwamba ni Desideri. Tumesoma naye muda wote huu na sikuwahi kumsikia akicheka. Nikasema, nimwache kidogo. Kidogo tu. Nikarudi nikatazama mshale unavyoruka, nikamwacha. Niliahidi kupanda na sikupanda. Lakini Profesa, mimi ni msichana peke yangu hapa, na wako wanaosubiri nikwame hata kidogo waseme walijua. Nikirudi nyuma ya foleni, watasema walijua. Sisemi kosa si langu. Nasema mlipime."

Profesa aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Desideri.

Desideri alikuwa amefikiri tangu Jumamosi. Alijua vizuri nani aliyegonga mbao kwa nguvu kuliko wote. Alijua pia kwamba aliahidiwa mlinzi, na kwa ahadi hiyo ndiyo akapanda. Na alijua kwamba kama si kule kupiga meza, mguu wake ungebaki kwenye soksi zake hadi leo.

"Kisigino kilikuwa changu," akasema. "Kazi ilikuwa yangu, na sheria ya kutembea taratibu niliiandika mimi. Lakini Profesa, kuna jambo moja linanifunga mdomo. Nimejaribu kujuta, imeshindikana. Nasikitikia chuma changu, nalia nacho, lakini saa ile siijutii. Nikisema Sivapalan ana kosa, nasema asingenialika. Nikisema Morag ana kosa, nasema angepanda akanizima. Nikisema kosa ni langu, nasema nisingecheka, halafu narudi nyumbani kuwaambia nilikaa ng'ambo miaka yote ile nikaleta kicheko."

"Kicheko si shahada," Profesa akasema, bila ubaya.

"Najua, bwana."

"Basi nitakuambia hivi. Mimi sikuwapo juu, sikuwapo chini. Kazi iliyoharibika ni yako. Utataja wewe. Utakayemtaja atatoa zamu, na hakuna atakayekuuliza tena. Lakini lazima utaje mtu mmoja. Tanuri halikai na kazi mbili, na siwezi kuliacha baridi."

Sivapalan akatazama viatu vyake. Morag hakutazama chini. Alimtazama Desideri usoni, akangoja. Na Desideri akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kabla. Akimtaja mmoja wao, atakaa chini kule na tanuri lake, na mlangoni hatapita mtu kumuuliza amezaliwa lini. Atamaliza, ataitwa Daktari, na mpaka amalize atasalimiana na chuma. Akijitaja mwenyewe, atakuwa na marafiki wawili hadi siku ya meli, na baada ya hapo Baba Daktari atabaki kuchekwa sokoni.

"Taja," Profesa akasema.

Desideri akafumbua mdomo, akataja jina.

Jina gani, mimi silisemi. Nimelisimulia jambo hili mara nyingi, na kila ninapolisimulia watu hugombana, basi nanyi gombaneni. Ila msiniletee ujanja. Msiseme wagawane zamu, chuma kikianza hakitolewi katikati. Msiseme ilikuwa bahati mbaya tu. Bahati haipangi foleni, hivyo haina zamu ya kutoa. Na wewe unayemnyooshea Morag kidole upesi upesi, nikuulize kwanza: ungekuwa wewe pale chini, umeshika kitasa, ukamsikia mtu aliyenyamaza mwaka mzima anacheka, ungepanda kumzima? Na wewe unayesema kosa ni la mchezaji, ungekaa soksi tupu mpaka lini?

Mwaliko ulikuwa wa Sivapalan, kimya kilikuwa cha Morag, kisigino kilikuwa cha Desideri. Haya, semeni nyinyi: nani alistahili kutoa zamu yake?