Jina la Kati

Wapokezi wa habari za waja wema wametupokeza kwamba mji wa Naisaburi ulikuwa na masheikh wawili, wote wakiitwa kwa lakabu ya Najmuddini, yaani Nyota ya Dini. Nyota ya kwanza iliujaza msikiti mkuu hadi watu wakakaa juu ya viatu vyao. Ya pili ilimwangazia Shuaibu muuza dawa, na huyo naye alikuja kusinzia.

Alasiri moja wakaingia wageni kwa huyu wa pili, vumbi hadi kwenye kope. Mkubwa wao, Harthama, akambusu mkono.

“Sheikh wetu, tumetoka Bukhara kutafuta hadithi ya Mtume ya kumzuru mgonjwa. Tumeambiwa hakubaki hai aliyeisikia kwa marehemu Sheikh Muammari ila Najmuddini.”

Shuaibu akazinduka. “Leo tumepata watu! Anza, sheikh, kabla hawajatoka!”

Hadithi sheikh aliijua herufi kwa herufi, ila si kwa Muammari. Aliisikia ujanani kwa yule Najmuddini mwingine, rafiki yake wa zamani; ila yeye mwenyewe, kwa wivu, alikuwa ameacha kukanyaga mlangoni pa rafiki huyo. Na wapokezi hawapokei maneno pasi na kutaja kila kinywa yalimopita. Kuruka jina moja tu, basi, na darasa lake lingejaa. Nani angejua? Kalamu za wageni zilikuwa tayari zimechovywa wino.

“Alinihadithia...” akaanza, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. “Alinihadithia Najmuddini. Mimi siye, wanangu. Mnayemtaka yuko ng'ambo ya soko la ngozi. Inukeni niwapeleke.”

Wakamkuta mwenzake kitandani, amekonda, homa imemla. Harthama akaitaja haja yake. Mgonjwa akafumba macho, akafikiri sana.

“Wallahi, sikumbuki hadithi hiyo. Uzee umeniibia.”

Harthama akalia waziwazi, maana hadithi ilikuwa inazikwa mbele yake.

“Nani huyo mlangoni?” akauliza mgonjwa.

“Ni Najmuddini.”

“Ajabu! Na mimi je?”

“Nawe pia, ndugu yangu. Ndiyo balaa yetu.” Akasogea. “Uliniambia wewe, siku ile niliyochelewa darasa la Muammari, tukagawana kitunguu kimoja mlangoni pake, ukaninyima maganda.”

Mgonjwa akacheka hadi akakohoa. “Kitunguu nakikumbuka. Isome hiyo hadithi.”

Akaisoma yote. Mgonjwa akatikisa kichwa, haikumrudia. Ndipo Harthama akasema, “Sheikh, huyu angeweza kuliruka jina lako nasi tusijue. Hakuliruka.”

Kisha mgonjwa akainuliwa, akaegemezwa mto, akasema kwa taratibu za wapokezi:

“Andikeni. Amenihadithia Najmuddini, naye kwangu ni mkweli, kwamba mimi nilimhadithia, nami nilihadithiwa na Muammari.”

Hivyo sheikh akaipokea hadithi yake mwenyewe kutoka kwa mwanafunzi wake, na jina la yule mnyonge likakaa katikati, mahali ambapo uongo usingeweza kulifikisha.

Wageni wakaondoka. Yeye akabaki, akalowesha kitambaa, akakiweka kwenye paji la uso wa mwenzake. Ndugu zangu, tuliohifadhi mengi na kutenda machache, tumtazame hapo: miaka yote aliibeba hadithi ya kumzuru mgonjwa, na siku hiyo ndipo alipomzuru. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na kwa fadhila Zake atukumbuke na sisi.