Vibonye Viwili vya Meneja

Mimi ndiye meneja niliyejiona mjanja. Kila nilipoingia kwa wafanyakazi wangu, michezo ya karata ilitoweka kwenye kompyuta, zikatokea barua za kazi. Nikaja kugundua siri yao: walibonyeza vibonye vya Alt na Tab kwa pamoja. Nikamwita Mwanakombo, fundi wetu wa kompyuta.

"Izime njia hiyo ya mkato. Atakayekutwa na karata, kazi hana."

"Kwenye mashine zote, bosi?"

"Zote! Mimi sina upendeleo."

Akaitikia kwa adabu, akazima.

Kesho yake asubuhi akaingia mbio ofisini kwangu. "Bosi, Mkurugenzi anapanda ngazi!"

Nikabonyeza Alt na Tab. Karata zangu zikabaki palepale, mfalme wa kopa ananikodolea macho. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Njia nyingine ya kuzificha sikuijua. Elimu yangu ya kompyuta iliishia hapo.

"Mwanakombo mwanangu, irudishe!"

"Kwenye mashine zote, bosi?"

"Zote! Haraka!"

Akarudisha. Nikavaa koti, nikafungua mlango nimpokee Mkurugenzi.

Ngazini alikuwapo paka peke yake, analamba mkia.

Tangu siku hiyo, nikienda kwa wafanyakazi wangu, nabisha hodi kwanza.