Landrova ya Mhando na Pilau ya Hitma

Boneti wazi haikosi fundi. Mmeitamka wenyewe sasa hivi, pikipiki ya Mbwana ilipozima hapo nje, tena mmeitamka kwa raha kana kwamba ni dua: tulia bwana, msaada utakuja tu. Mnauliza imetoka wapi. Imetoka Tanga, mtaa wa Mikanjuni, na aliyeisema mara ya kwanza hakuwa na raha hata chembe. Sogezeni hilo benchi, na huyo anayechungulia mlangoni mwambieni aingie, hadithi haimaliziki kwa kugawana. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mstaafu wa reli, Mhando Singano, aliyenunua Landrova kuukuu kwenye mnada wa shamba la mkonge. Ilifika kwake ikivutwa kwa kamba, haina milango, na ndani kuku alikuwa ameatamia. Mkewe, Bi Mwanahawa, akasema afadhali, angalau wamepata mayai. Mhando hakucheka. Akaingia chini ya gari lile, na kwa miaka kadhaa majirani walimjua zaidi kwa miguu kuliko kwa uso.

Hakuwa peke yake katika ugonjwa huo. Walikuwako wenzake watatu, wapenzi wa magari ya zamani kama yeye. Kilua, karani wa zamani wa bandarini, alikuwa na Pijo nyeupe ambayo, kwa maneno ya jirani zake, ilioga mara nyingi kuliko yeye. Gaspari, mwalimu mstaafu, alikuwa na Kobe, ile Foksiwageni ndogo ya mgongo wa mviringo. Mtangi, muuza vitambaa wa Ngamiani, alikuwa na Jeep ya enzi za vita isiyo na paa, na mvua ikinyesha mkewe alikaa pembeni akimshikia mwavuli. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa fundi. Hilo liwekeni akilini. Walikuwa wapenzi, na mpenzi ana mikono mirefu kuliko fundi.

Walikuwa na desturi yao. Mmoja akifika kwa mwenzake, hamsalimii mwenye gari kwanza. Boneti inafunguliwa, injini inatazamwa, linatoka neno la kuisifu, ndipo watu wanapeana mikono. Wenyewe waliiita kusalimia injini. Kumfungia mgeni boneti ilikuwa sawa na kumfungia mlango wa nyumba.

Basi mama yake Bi Mwanahawa alipotimiza mwaka kaburini, hitma ikapangwa Muheza, kwa kaka zake. Pilau ni ya Bi Mwanahawa. Hilo halikujadiliwa na mtu, maana hata aliyepika vizuri zaidi alijua kunyamaza.

"Nimeshasema na yule kijana wa pikapu ya mkaa," akamwambia mumewe. "Atabeba masufuria."

"Pilau ya mama mkwe ipande gari la mkaa, na mimi nina gari uani?"

"Una gari uani, Baba Hiza. Ndipo lilipo siku zote. Uani."

"Limepona. Nimelifungia kabureta mpya. Linawaka kwa kuguswa."

Bi Mwanahawa alilijua. Ndani ya gari lile alikuwa amekwisha kulala njiani Pongwe, kulala njiani Pangani, na mara moja kusukuma akiwa na viatu vya harusi.

"Haya," akasema. "Tutapanda hilo lako. Lakini watu wakitoka kusali adhuhuri wakakuta sinia tupu kwenye hitma ya mama yangu, kesho yake namwita mnunua chuma chakavu. Aje na mizani yake."

Mhando akakubali, na hakukubali kwa kujikaza. Aliliamini gari lake.

Siku yenyewe asubuhi liliwaka kama alivyosema, mara moja, likanguruma kwa adabu. Masufuria yakapandishwa, yakafunikwa kwa mikeka, yakafungwa kamba. Mhando akazima injini ili petroli isiungue bure wakati mkewe anavaa. Laiti angeondoka vile vile, leo msingekuwa na methali.

Wenzake wakafika, kila mmoja na gari lake, maana wote walialikwa na walitaka kwenda kwa msafara. Wakashuka. Hakuna aliyesema asalamu aleikumu. Wote watatu walisimama mbele ya Landrova wakisubiri, na Mhando, ambaye usiku kucha alikuwa akiiwaza kabureta yake mpya, akaifungua boneti, akaliwasha kidogo walisikie, akalizima.

"Baba Hiza," sauti ya mkewe ikatoka dirishani, "mbona hilo gari limeachama?"

"Wanasalimia tu, mama."

"Pilau haisalimii. Inapoa."

Wakasalimia. Kilua akaiinamia kabureta, akasema ni ya watu wazima, ila inatoa mlio kidogo. Gaspari akasema injini imetulia, ila ingetulia zaidi. Mtangi akasema hana neno, na mtu akisema hana neno huku amekunja mikono ya kanzu, mkamateni. Mhando alikuwa amesimama katikati akipokea sifa kama bwana harusi, akifuta hapa kwa tambara, akiwaonyesha pale. Vichwa vinne ndani ya boneti moja, na mikono sijui mingapi.

Bi Mwanahawa akatoka, akapanda, akaweka mkoba magotini. Mhando akazungusha ufunguo.

Gari likakohoa. Akarudia, likakohoa. Akarudia tena, likakohoa kwa uvivu, kama mzee aliyeamshwa bila sababu.

"Petroli haifiki," akasema Kilua.

"Inafika mno, limelewa," akasema Gaspari. "Liacheni lipumue."

"Likipumua betri inakufa. Lisukumwe," akasema Mtangi.

Boneti ikafunguliwa tena, na mnajua mtaa ulivyo. Gari linalokwenda halina wa kulitazama, lakini lililofungua kinywa ni la umma. Akasimama muuza mihogo, akasema dalili hizo anazijua, shemeji yake alikuwa na lori. Akaja mtu aliyekuwa anakwenda kunyolewa. Akaja mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake. Mmoja akashauri maji ya moto, mwingine akakataza maji ya moto, na wote wawili wakamgeukia Mhando awaamue. Likasukumwa mpaka mwisho wa mtaa, likasukumwa kurudi. Kifuniko cha sufuria kikateleza, harufu ya pilau ikatoka, na waliokuwa wakienda zao wakakumbuka kwamba na wao wanajua magari.

Mhando alikuwa amelowa jasho. Kila akiinua mkono kutafuta kasoro, alikuta mkono wa mtu umetangulia. Kila akifikiri, mtu alifikiri kwa sauti zaidi. "Jamani," alisema, "jamani, nipeni nafasi." Wakampa ushauri.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Kufika Muheza kabla ya watu kutoka msikitini kulikuwa bado kunawezekana, lakini kwa shida. Mhando akaona kwa macho ya moyo wake ile mizani ya chuma chakavu ikiingia uani, na Landrova yake ikitoka vipande vipande. Akaketi juu ya bampa.

Hapo Bi Mwanahawa akashuka. Akautua mkoba, akalizunguka gari, akasimama mbele yao.

"Asubuhi liliwaka," akasema. "Nililisikia kwa masikio yangu. Tangu hapo nani amegusa nini?"

Kila mtu akamtazama jirani yake.

"Shemeji Kilua?"

"Mimi nilitazama tu, shemeji."

"Bisibisi hiyo ulikuwa unatazamia?"

Kilua akaishusha bisibisi mfukoni.

"Mwalimu?"

"Nilitoa maoni," akasema Gaspari. "Maoni hayazimi gari."

"Na wewe Mtangi, mwenye mafuta mpaka kwenye kiwiko?"

"Haya nimekuja nayo kutoka nyumbani, shemeji."

Muuza mihogo akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Ajabu kubwa," akasema Bi Mwanahawa. "Mtaa mzima umelitengeneza gari hili, na hakuna aliyeligusa." Akavuta pumzi. "Sikilizeni. Sitaki kujua nani kaharibu, sina wakati huo. Mama yangu anasubiri dua yake. Wote geukeni mtazame ukutani, mpaka yule wa mihogo. Kisha mtu mmoja mmoja, kwa wakati wake, aende akarudishe alichokigusa kama alivyokikuta. Asiyegusa asiende. Nami sitatazama."

Wakageuka. Watu wazima, wenye wajukuu, wakatazama ukuta. Mwanzoni hakuna aliyesogea. Halafu zikasikika kandambili za Kilua, taratibu, zikaenda zikarudi: alikuwa ameizungusha skrubu ya kabureta kuondoa ule mlio. Vikafuata viatu vya Gaspari: alikuwa ameisogeza distribyuta, ile inayogawa moto wa plagi, unywele mmoja tu, kwa nia njema. Mtangi akaenda akinyata, akafungua waya alioufungia mpira wa petroli akidhani unavuja, kumbe alikuwa ameukaba mpaka petroli haipiti. Hakuna aliyemwona mwenzake, na wote walisikia.

Mhando akaruka kwenye usukani akiwa na hasira ya mtu aliyethibitishiwa kwamba kosa si lake. Akazungusha ufunguo. Gari likakohoa.

"Bado mkono mmoja," akasema Bi Mwanahawa, angali ametazama pembeni.

"Wote wamekwenda, Mama Hiza. Tumeisha."

"Bado mmoja."

Mhando akafungua kinywa kubisha, na kinywa kikabaki wazi. Akajiona asubuhi ile, tambara mkononi, akiung'oa waya mnene wa koili, unaoleta moto wa kuwashia, ili wenzake waone vizuri kofia mpya ya distribyuta ilivyong'aa. Akajiona akiurudisha huku amegeuza uso, anamsikiliza Kilua akisema, "Hii ni kazi." Akashuka. Waya ulikuwa umekaa juu juu, kama kofia ya kuazima. Akaukandamiza. Ukalia tak.

Landrova ikawaka mara moja, ikanguruma kwa adabu.

Mhando akashusha boneti, akaikalia kidogo, kana kwamba mtu atamnyang'anya, kisha wakaondoka. Walifika Muheza watu wanavaa viatu msikitini. Pilau ilikuwa vuguvugu, na hitma ya mwaka wa marehemu ikasomwa, watu wakashiba.

Sasa hapa ndipo penyewe. Bi Mwanahawa alikuwa akipita na masinia, na kila jamvi alilolifikia alikuta habari ya gari. Kwenye jamvi la kwanza Kilua alikuwa akieleza alivyoirekebisha kabureta mpaka gari likakubali. La pili, Gaspari alikuwa akiwafahamisha watu jinsi distribyuta inavyotaka subira. La tatu, Mtangi alikuwa ameinua mkono wenye mafuta kama hati ya ushahidi. Na kwenye jamvi la mwisho, mumewe, kwa sauti ya chini, alikuwa akisema kwamba kulikuwa na waya fulani, na kwamba mwenye gari ndiye anayelijua gari lake.

Bi Mwanahawa akalitua sinia mbele yake.

"Boneti wazi haikosi fundi," akasema, "gari bovu halina aliyeligusa. Kula, Baba Hiza, pilau inapoa."

Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia ndio walioisikia kauli hiyo, na kufikia jioni ilikuwa imefika Tanga kabla ya gari lenyewe. Mnunua chuma hakuitwa. Lakini boneti ilitiwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwenye pindo la kanga ya Bi Mwanahawa, na wageni wa Jumapili wakajifunza kusalimia watu. Tena Bi Mwanahawa akamwita mchora maandishi aiandike kauli yake kwenye ubao wa nyuma wa Landrova, watu waisome barabarani. Yule bwana akaanza kwa herufi kubwa za madaha, na alipofika "fundi" ubao ukawa umekwisha.

Ndiyo maana mmekua mkiijua nusu, mkadhani ni ya kumtuliza aliyekwama. Mkimwona mtu shughuli yake imefunguka kinywa, na ninyi mikono inawawasha, kumbukeni maneno yaliyokosa ubao: boneti wazi haikosi fundi, gari bovu halina aliyeligusa.